Jeki Kinywani mwa Mkwe

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Hapa Buseresere, ukiona karasha la kusagia mawe ya dhahabu limetulia halitikisiki, ujue nimelichomelea mimi. Ukiona linacheza, ujue mwenyewe alikwenda kwa fundi wa bei nafuu. Kwa hiyo Daktari Bhoke aliponionyesha kidude chake kule Mwanza, akasema kitakaa kwenye kaakaa langu, sikuhitaji maelezo marefu. Ilikuwa jeki. Jeki ndogo ya chuma, ina skrubu katikati na miguu minne, na kila mguu una skrubu yake ya kuingia kwenye mfupa. Nilimwambia aliyeichonga anajua kazi. Kisha nikamuuliza kama hana ya plastiki.

Nina miaka arobaini na mitatu. Taya langu la juu ni jembamba tangu kuzaliwa, meno ya juu yanaangukia ndani ya yale ya chini, natafuna upande mmoja, na nikilala pumzi inakatika. Mke wangu Hosiana, ambaye ni muuguzi wa zahanati, alichoka kukaa macho akisubiri kujua kama nitavuta nyingine. Akanipeleka Mwanza mwenyewe, amenishika mkono, na kwa daktari akajibu maswali yote kwa niaba yangu.

"Kwa mtoto mfupa huu unaachana kirahisi," daktari alisema. "Wewe umekomaa. Skrubu ya katikati itazungushwa mara moja kila siku, siku ishirini na nane, bila kuruka. Mfupa ukiachana sawasawa, tumemaliza. Ukigoma, au ukifunguka upande mmoja, nitakuita nikupasue taya."

Neno la kupasua alilitamka kwa sauti ile ile aliyotumia kunikaribisha kiti. Grainda imenikata mara tatu na sijawahi kulia, lakini pale niliutafuta mlango kwa macho. Sitaki kisu. Naomba hilo lieleweke mapema, maana yote yaliyofuata, pamoja na ile aibu ya kitenge, niliyafanya kwa kukimbia kisu.

Wiki ya kwanza nilikuwa mtu wa kuhurumiwa. Ulimi haukuwa na pa kukaa. Mate yalijaa kila ninapotaka kusema, ikabidi kwanza nimeze mara mbili. Mteja anauliza bei ya geti, mimi nameza, yeye anadhani napiga hesabu ya kumlangua, basi anaanza kulalamika kabla sijatamka kitu. Herufi nyingine zilitoka zimelowa. Na kuna dagaa mmoja alijificha juu ya ile skrubu siku mbili nzima, akashinda mswaki, akashinda kijiti, akashinda maji ya chumvi, akatoka mwenyewe kanisani katikati ya sala.

Lakini Hosiana alikuwepo. Kila asubuhi baada ya uji ananilaza kwenye benchi, anachukua kijiti cha waya ambacho daktari anakiita ufunguo, anakitia kwenye tundu la skrubu, anasukuma kuelekea kooni, anakitoa. Ni sekunde tano. Pua inauma, mashavu yanakaza, machozi yananitoka, halafu basi, tunaendelea na siku. Tukafika siku ya saba bila shida.

Siku ya saba mama mkwe akaja kutoka Songwa kutibiwa magoti.

Hapa lazima nieleze. Vijana wa siku hizi wanakumbatiana na wakwe zao kwenye picha za harusi, na mimi siwasemi. Ila mimi nilioa kwa Wasukuma wanaoshika mambo yao. Mkwilima, yaani mume wa binti, na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Ukimwona njiani unaingia majanini mpaka apite. Hamkai chumba kimoja, hamli pamoja, na jina lako halitoki mdomoni mwake. Kuna namna ya kuyaondoa hayo: unapeleka mbuzi na nguo, wazee wanakaa, mnashikana mikono, yameisha. Mbuzi huyo nilikuwa nimepanga kumpeleka tangu mwaka wa pili wa ndoa. Sasa tulikuwa mwaka wa kumi na mbili, na mimi na mama mkwe wangu, Mama Mariana, tulikuwa tunafahamiana kwa migongo.

Mradi Hosiana yupo, mambo yalikwenda. Yeye ndiye aliyebeba salamu huku na huku. Siku ya tisa, akishatoa ufunguo mdomoni mwangu, simu yake ikalia: anatakiwa Shinyanga kwenye mafunzo, wiki mbili, gari linaondoka saa tano. Watoto wetu wawili wako shule ya bweni. Mama yake alikuwa na miadi ya sindano za magoti kila Jumatano, hawezi kurudi Songwa. Hosiana alitutazama kwa zamu, mimi niko uani, mama yake yuko nyuma ya mlango wa jiko.

"Mtajua wenyewe," alisema, akapanda bajaji.

Nilihamia karakana. Nikatandika godoro kati ya mitungi ya gesi. Mama akipika, anaweka sahani yangu juu ya pipa lililopinduliwa nje ya jiko, anagonga kifuniko mara mbili, anaingia ndani na kufunga mlango, ndipo nakwenda kuchukua. Mchana ule wa kwanza alinipikia michembe ya karanga. Michembe, kwa asiyeijua, ni viazi vitamu vilivyokaushwa, na hata ikichemshwa inataka mtu mwenye kinywa kamili. Nilihangaika nayo nusu saa nikarudisha sahani ilivyo. Jioni akaweka nyama ya kukaanga. Nikarudisha.

Asubuhi nikamsikia nyuma ya mlango, anasema na sufuria yake. Hiyo ndiyo njia ya kumfikishia ujumbe mtu usiyeruhusiwa kusema naye, na mama mkwe wangu ni bingwa.

"Sufuria," alisema, "sijui umenikosea nini. Chakula kinakwenda na kinarudi kilivyo. Pengine kuna watu wanakula kwa wanawake wengine huko mitaani, mimi siwezi kujua."

Ilinichoma. Nikasogea kwenye pipa, nikameza mate mara mbili, nikalieleza pipa habari zote za jeki, skrubu na daktari, kwa kirefu.

"Sufuria," mama alisema, "pipa la watu limelewa, na hata saa mbili haijafika."

Mchana ule kulikuwa na uji wa ulezi. Nadhani ulikuwa wa kuondoa pombe.

Shida kubwa ilikuwa ufunguo. Hosiana alikuwa ameniachia maagizo kwamba Mwigulu, jirani yetu fundi pikipiki, ndiye atakayezungusha. Mwigulu ni mtu mwema. Aliosha mikono kwa petroli, halafu kwa sabuni, akanichungulia kinywani, akauona mshale mdogo uliochorwa kwenye jeki kuonyesha upande wa kuzungushia, akautikisia kichwa. Miaka kumi na tano amekaza boliti kwa kuzungusha upande mmoja. Akaona daktari amekosea mshale. Akafuata boliti.

Nilisikia kaakaa linalegea, nikaanza kupiga benchi mateke. Nikampigia daktari.

"Umerudi nyuma hatua moja," alisema. "Ukirudi nyingine, au ukiruka siku, njoo na nguo za kulalia."

Mwigulu aliumia kuliko mimi, akaapa kesho atafuata mshale hata kama ni wa uongo. Lakini kesho yake alfajiri ikaingia habari ya rashi: dhahabu imeonekana kwenye shamba la pamba la mtu, inaokotwa juu juu. Kufikia saa mbili, wanaume wote wa mtaa wetu walikuwa wamekwenda, na Mwigulu ndiye aliyewabeba wawili wa mwisho. Zahanati, mwenzake Hosiana alikuwa peke yake na foleni ya watoto wa chanjo. Alibaki Shamimu, fundi cherehani wa jirani, mwenye vidole vyembamba na subira. Nilimpigia Hosiana kuomba ruhusa. Alisema kidole cha Shamimu kikiingia kinywani mwangu, taya nitapasuliwa hapa hapa Buseresere.

Nikajaribu mwenyewe. Nilichukua kioo cha pikipiki, nikalala chali. Vidole vyangu ni vya kushika nondo. Ufunguo uliniponyoka, ukaanguka kooni, nikakohoa kikohozi cha ng'ombe, ukaruka mpaka kwenye vumbi. Nikauosha, nikajaribu tena, ukaniponyoka tena. Mara ya nne nilikaa nikiwa nimeushika mkononi, na nasema kweli, niliogopa. Niliona kabisa mlango wa chumba cha upasuaji.

"Sufuria," ilisema sauti nyuma ya mlango.

Nikauweka ufunguo kwenye bakuli.

"Sufuria, mimi nimechekecha mchanga wa almasi Songwa miaka ishirini na sita. Kipande kidogo kuliko punje ya ulezi nakitoa kwa ncha ya kucha, na mkono hautetemeki. Magoti ndiyo mabovu. Macho na mikono ni mizima, gete, kweli kabisa. Mwambie pipa."

Nililiambia pipa kwamba haiwezekani, uso utaonekana.

"Nani anataka uso?" sauti ilisema. "Kinachohitajika ni tundu."

Nikasikia mkasi. Baada ya muda mlango ukafunguka kidogo, ukatoka mkono, ukatundika kitenge kwenye pipa. Kilikuwa kitenge kipya, cha maua ya njano. Katikati kulikuwa na tundu la duara, kubwa kama kifuniko cha chupa ya chai, limepindwa ukingo kwa sindano ili lisichanike.

Nikalala kwenye benchi, nikajifunika kitenge toka utosini mpaka kifuani, nikaweka mdomo wangu kwenye tundu na kuufungua. Nikasema na pipa kwamba niko tayari. Nilisikia hatua za magoti mabovu, nikaona kwa ndani ya kitenge mwanga unakuja: alikuwa amevaa tochi yangu ya kichwani, ile ya wachimbaji. Akasimama juu yangu. Akavuta pumzi.

"Mayo, mama wee," alisema taratibu. "Kumbe ni kweli kuna chuma."

Halafu mkono wake uliingia. Sitasahau wepesi ule. Hosiana, Mungu ambariki, anagusa ulimi, anagusa midomo, anasema samahani. Mama yake aliingiza ufunguo, akasukuma, akautoa, na hakugusa kitu kingine chochote. Pua ikauma, mashavu yakakaza. Machozi yakaloweka maua ya njano.

"Moja," alisema, akaenda zake.

Basi ndivyo tulivyoishi. Kila asubuhi baada ya uji, kitenge, tochi, ufunguo. Siku mbili za kwanza alikuwa anamaliza na kuondoka. Siku ya tatu alikaa kwenye kigoda kupumzisha magoti, mimi bado nimefunikwa, mdomo wazi, maana alisema anataka kukagua, na ndipo alipogundua kwamba amempata mkwe asiyeweza kujibu.

"Sufuria," alisema, ingawa sufuria ilikuwa jikoni, "jino la tatu nyuma kushoto limetoboka. Na upande wa kulia hapigi mswaki, anapita tu kama mgeni."

Siku ya nne ikaja habari ya harusi: kwamba siku ile nilichelewa, na watu wa Songwa wakasema bwana harusi amekimbia. Nilitaka kusema gari liliharibika. Nilitoa sauti kama ya ndama. "Sufuria, kuna kitu kinalia," alisema, akaendelea. Siku ya tano akasimulia msiba wa mume wake. Kwamba nilileta magunia mawili ya mchele, nikachimba kaburi na vijana mpaka viganja vikatoka damu, halafu nikakaa nje ya boma siku nne kwenye mvua bila kuingia, kwa sababu yeye alikuwa ndani. Kwamba aliona mgongo wangu dirishani umelowa, akatamani kunipelekea blanketi, na hakuwa na mtu wa kumtuma.

"Lilikuwa kwenye sanduku," alisema. "Blanketi. Mpaka leo liko kwenye sanduku."

Nilikuwa sijui kwamba aliniona.

Siku ya sita alipoingiza mwanga wa tochi, mkono wake ulisimama. Kisha akapiga kigelegele, mwanamke wa miaka sitini na minane mwenye magoti ya sindano, mpaka Shamimu akachungulia juu ya ua.

"Mwanya!" alisema. "Mbele, juu, katikati. Jana haukuwepo. Sufuria, mwanangu ameolewa na mtu mwenye mwanya."

Ni kweli, daktari alikuwa amenitahadharisha: mfupa ukifunguka, meno mawili ya mbele yanaachana. Alisema wagonjwa wengine huona aibu, wanaficha mdomo. Sijui hao ni wa nchi gani. Nilimwendea Shamimu nikatabasamu bila sababu. Nilikwenda dukani kununua vocha nisiyoihitaji. Wateja wawili waliniuliza nimefanya nini, nimependeza, na mmoja hakuomba hata punguzo la geti. Kwa siku moja nzima nilikuwa mwanamume mzuri kuliko wote kati ya Buseresere na Katoro, na wengine wote walikuwa kwenye rashi, kwa hiyo hakukuwa na mpinzani.

Asubuhi iliyofuata niliamka na maumivu upande wa kulia tu. Nikachukua kioo cha pikipiki kujitazama. Mwanya haukuwa chini ya pua. Ulikuwa umekwenda kulia.

Nililiangalia jambo hilo kama ninavyoangalia karasha lililopinda. Nikasogeza kioo huku, nikasogeza kule. Ulikuwa kulia. Nikampigia Daktari Bhoke.

"Usizungushe leo mpaka nijue," alisema. "Kama umefunguka upande mmoja tunasimamisha, na kesho uje nikupasue. Kioo hakifai, na picha ya simu ikipinda kidogo inadanganya. Pua pia si kipimo. Apatikane mtu asimame mbele yako. Ashike uzi kuanzia katikati ya nyusi mpaka katikati ya kidevu, uso wote ukiwa wazi, aniambie uzi unapita wapi kwenye meno. Nani yupo hapo?"

Simu ilikuwa imewekwa sauti ya juu, kwa sababu spika ya sikioni iliungua na cheche. Mlango wa jiko ulikuwa umeegeshwa tu. Uso wote ukiwa wazi. Nilifikiria kusema hakuna mtu. Nilifikiria pia kisu, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba kuna kitu naogopa karibu sawa na kisu: kwamba mama yule, ambaye ameshika mwiko wake miaka kumi na miwili, hata siku za msiba wa mume wake, auvunje kwa sababu ya meno yangu, halafu akaone aibu kurudi kwa wenzake Songwa. Nikafungua mdomo kumwambia daktari nitakuja kesho.

"Nipo mimi," sauti ilisema.

Mlango ukafunguka. Nikageuka haraka ukutani.

"Uzi ninao," alisema nyuma yangu. "Nimefunga na nati chini, unyooke. Mwanangu ndiye atakayemuuguza mtu aliyepasuliwa taya. Kaa kwenye benchi."

Alikuwa ametengeneza timazi, nami nikaona aibu kwamba fundi ni mimi na wazo ni lake. Nilikaa. Nilifumba macho, kwa sababu hilo angalau nilikuwa na uwezo nalo. Nikafungua mdomo. Nilisikia kigoda kinavutwa, nikasikia harufu ya ulezi, kisha uzi ukagusa katikati ya nyusi zangu na ile nati ya baridi ikatulia kidevuni.

Mkono wake, ule usiotetemeka, niliusikia unatetemeka kwenye paji langu.

"Mama?" daktari aliita kwenye simu. "Uzi unapita wapi?"

"Katikati ya mwanya," mama alisema.

"Una hakika?"

"Nimetafuta almasi kwa macho haya. Katikati, gete. Jino huku, jino huku. Kilichokwenda kushoto ni pua."

"Pua?"

"Pua yake imepinda. Na si kazi ya chuma chenu, amezaliwa nayo, maana wajukuu zangu wote wawili wanayo." Akauzungusha uzi kidoleni. "Miaka yote nilidhani imetoka kwa marehemu mume wangu. Nimemsema sana yule mzee."

Daktari alicheka, mwanamke yule ambaye sikujua kwamba anacheka. Akasema basi, mfupa umefunguka vizuri, maumivu ya upande mmoja ni kawaida, tuendelee mpaka hatua ya ishirini na nane, na kisu hakuna. Simu ikakatika.

Kisu hakuna. Nilisahau nilichokuwa nimejikataza, nikafumbua macho. Alikuwa hapo hapo, umbali wa mkono, ana tochi yangu kichwani na uzi kwenye vidole, mwanamke mdogo wa umbo kuliko nilivyofikiri, ana macho ya Hosiana kabisa. Hakugeuka. Alinitazama kuanzia utosini kushuka chini, polepole, kama mtu anayesoma barua iliyochelewa.

"Enock," alisema. Jina hilo hakuwahi kulitamka tangu nioe. "Kumbe na wewe umeota mvi. Nilikuwa nadhani bado ni kijana."

Machozi yalinitoka, na skrubu ilikuwa haijaguswa. Nikameza mate mara mbili.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, baba." Akaokota ufunguo kwenye bakuli. "Fungua mdomo. Ya leo bado."